Hapa Si Kituo

Msimu huu mlima huvua shuka saa mbili asubuhi.
Dakika kumi, kumi na mbili, usipotazama imekula kwako;
mawingu ya Kibo hayana ratiba wala hayaombi radhi.
Natoka na kikombe hadi ngazi ya nyuma, hapa Rau,
nakaa, napuliza chai,
ndipo simu inalia.

"Naongea na Bwana Ndesanju?"
Ndesanjo.
"Ndiyo, Bwana Ndesanju, hongera! Namba yako imechaguliwa."
Na nani? Kura zilipigwa lini, nani alihesabu?
Nikigeuka, mlima umeshajifunika hadi shingoni.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa stesheni ya Moshi,
bendera nyekundu kwapani, ya kijani mkononi.
Hakuna kilichoingia bila kuomba njia.
Hata ile ya mizigo, imebeba saruji ya Tanga, imechelewa siku nzima,
ilisimama kule kwenye ishara, ikapiga honi kwa adabu,
ikangoja niseme: njoo.
Hawa wanaingia hadi jikoni na viatu vyao.

Jumatatu mkopo. Jumatano bima ya maisha,
"hasa kwa umri wako, mzee,"
alivyotamka *umri wako* ni kama mtu anayekuonyesha doa kwenye shati.
Ijumaa nilibishana dakika mbili na mwanamke mkaidi
kabla sijagundua ni mashine:
bonyeza moja, bonyeza nyota.

Nimekataa kistaarabu. Nimekataa vinginevyo.
Nimeizika simu kwenye debe la mchele,
mchele ukalia.
Kundaeli, mtoto wa dada, akanifungia namba zao;
wakaja kwa namba nyingine, siafu hawa, ukiziba huku watokea kule,
na katika kufunga akamfunga mama yake mwenyewe,
wiki tatu, mpaka dada akateremka kutoka Machame kwa miguu yake
kuja kuniuliza amenikosea nini.

"Lete huku," akasema Haikaeli siku ile,
anafuta mikono kwenye khanga.
"Mwanangu, hujambo? Wa kwa nani wewe? Umeshakunywa chai?
Mkopo? Sawa, nimesikia. Sasa nisikie na mimi:
nina maparachichi.
Siyo yale ya maji. Haya ukiyakata hayana nyuzi,
ukitikisa, mbegu inacheza ndani.
Usikate, bado sijafika kwenye ofa."
Kijana akakata.
Tangu tununue simu, ndiyo mara ya kwanza
wao kutukimbia sisi.

Wakakimbia saba. Nilikuwa nawahesabu kwa mkaa ukutani.
Wa nane, binti mmoja, hakukimbia.
Alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti isiyo ya kazini:
"Hadi Dar ni shilingi ngapi, mama?"

Boksi likaondoka na basi la Jumamosi.
Karatasi ya juu niliandika mimi, kwa mwandiko wangu wa stakabadhi za mizigo,
herufi zimesimama wima:
Kutoka Moshi. Kwenda Dar es Salaam. Kilo kumi na nne.
Mpokeaji: Zulekha, Huduma kwa Wateja.

Leo saa mbili mlima ulikuwa wazi mpaka kwenye mikunjo ya barafu.
Simu ikalia.
"Shikamoo, Bwana Ndesanjo."
Jina lilifika zima.
Nikamwambia: marahaba, simama hapo kwenye ishara.
Akasimama.
Nyuma yake nilisikia ukumbi mzima, watu hata mia,
wote wanampongeza mtu asiyewajua.
Nilimaliza chai yangu. Wingu la kwanza likapanda upande wa Mawenzi,
likatambaa, likafunga.
Haya, nikasema, njoo.

Alitaka kujua yale mawili yaliyobaki magumu
ayaivishe kwenye gazeti au kwenye mchele.
Kwenye mchele, mwanangu.
Pale pale nilipokuzika.